Yeye huenda, mimi hurudi

(Haya niliyaongea Jumamosi kwenye kikao chetu cha wastaafu hapa Tudor, Mombasa. Waliokosa wameniomba niwawekee yote, bas nimeandika vile vile nilivyosema.)

Assalaam aleykum wazee wangu, kina mama, ndugu zangu nyote, na wale wa salamu nyingine hamjambo? Hamjambo tena? Haya, sasa nimewasikia.

Nimeambiwa niongee kuhusu mume na mke baada ya kustaafu. Mwenzangu aliyetangulia ameongea mambo ya pensheni na presha, ameyaongea vizuri sana, sirudii huko. Mimi nimekuja kuongea kuhusu chombo. Ndio, chombo cha baharini, dau la futi 18 la tanga moja, ambalo mimi na mzee wangu, yule pale amekaa nyuma karibu na dirisha, tunalitembeza kwenye kriki yetu hii karibu kila wiki, mwaka wa tatu sasa.

Watu wakituona wanashangaa. Mwanamke wa miaka 63 na buibui lake ameshika usukani? Lakini hebu niulize, nani alituambia bahari ni ya vijana na wageni? Mombasa Yacht Club iko hapa tangu 1910, mtu akizeeka na mashua yake ya tanga pale hakuna anayemshangaa. Na sisi je? Sisi ambao babu zetu walingoja upepo wa kaskazi kuyapokea majahazi ya Arabuni na Bara Hindi pale Bandari ya Zamani, wakingoja upepo wa kusi kuyaaga, sisi tukistaafu tunahamia kwenye kochi. Kwani imekuwaje?

Nianzie nyumbani, manake huko ndiko ilikoanzia.

Mzee wangu alikuwa dereva wa kreni bandarini, zamu ya usiku zamu ya mchana, miaka 34. Mimi mwalimu wa shule ya msingi. Ndoa ni ya miaka mingi, lakini kuonana kwenyewe je? Mimi natoka yeye ndo anajilaza, mimi narudi yeye anavaa buti. Watoto watatu tumewalea kwa kupokezana mlangoni. Alafu siku moja watoto wameshaenda zao, wawili Nairobi mmoja Doha, yeye amestaafu, mimi nikastaafu miaka miwili baadaye, na asubuhi ile ya kwanza tumekaa mezani na chai yetu, tukatazamana. Tukatazamana, jamani. Sikuwa na la kumwambia na yeye hakuwa na la kuniambia. Hatukuwa tumegombana, laiti tungegombana pengine ingekuwa afadhali. Tulikuwa kama wapangaji wawili wa nyumba moja, na hilo liliniogopesha kuliko kitu chochote kwenye ndoa yangu.

Miezi ikapita hivyo. Yeye akaanza kushinda ufukweni na wavuvi, mimi nikashukuru maana nyumba ikapumua, na sikuuliza anafanya nini huko. Kumbe ananunua dau. Amechukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua dau bila kuniambia neno, na aliyeniambia ni mama muuza mbaazi, ati hongera mwalimu, nasikia mmepata chombo.

Kina mama, mnajua nilivyojisikia? Nilikiona kile chombo kama mke mwenza. Ameoa bila kunishauri, na mke mwenyewe ni mbao na misumari! Nililia siku mbili. Na leo nimemuomba ruhusa niliseme hili mbele ya watu, akasema sema, manake pengine litamfaa mwanamume mmoja humu ndani. Bas wazee wangu sikilizeni: kiinua mgongo ni cha wawili. Miaka ile ulipokuwa kazini kuna mtu alikuwa anashika nyumba, anashika watoto, anashika madeni, hata kama hati ya malipo ina jina lako peke yako. Kabla hujanunua chombo, shamba, mbuzi, chochote, kaa naye chini. Mzee wangu alikuja kuniomba radhi baada ya wiki, akaniletea karatasi za kile chombo, jina langu limeandikwa pamoja na lake. Akasema, "Nusu ni yako, ukitaka tukiuze tutakiuza."

Sikusema tuuze. Sikusema twende pia. Nikakaa kimya, manake nilikuwa na jambo langu na bahari.

Tarehe 29 Aprili 1994, Ijumaa asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka, watu zaidi ya 270 wakafa maji, na nchi kavu wanaiona. Walio na umri wangu mnakumbuka. Mnakumbuka siku zile? Mnakumbuka watu wamejaa ufukweni wanangoja habari za jamaa zao? Darasani kwangu kulikuwa na mtoto mmoja aliyeondokewa na babake siku ile, alikuwa akikaa dawati la mbele, akarudi shuleni baada ya wiki mbili akakaa pale pale, na mimi nikaendelea kufundisha kugawanya. Tangu hapo bahari niliipa mgongo. Kuvuka Likoni kwa feri nilikuwa navuka kwa kuwa sina budi, macho nimefumba, tasbihi mkononi.

Hebu kina mama inueni mikono, wangapi mmezaliwa kisiwani hapa na mnajua kuogelea? Inueni juu niwaone. Nahesabu 4. Mikono 4 tu, na ukumbi umejaa, na maji yametuzunguka pande zote! Hatulaumiwi sisi kwa hilo, tulipokuwa wasichana nani angetufundisha, na wapi, na nguo gani. Lakini sasa je? Sasa tunazuiwa na nani?

Mimi nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 61. Kuna binti jirani anafundisha kina mama, Jumamosi alfajiri kabla ufukwe haujajaa watu, tunavaa suruali na magauni marefu ya kuogelea, hakuna anayekutazama. Yule binti alikuwa hatupeleki kwenye maji isipokuwa siku za maji mafu, bahari haivuti sana. Wiki za mwanzo hakunifundisha kupiga mikono wala nini, alinifundisha kuelea chali tu. Lala, tazama mbingu, pumua. Siku niliyoelea peke yangu kwa mara ya kwanza, masikio yako ndani ya maji husikii dunia, nilimkumbuka yule mtoto wa dawati la mbele na nikalia humo humo baharini. Miezi mitatu ilinichukua kufika mita 20. Mita 20 si kitu kwa mvuvi. Kwangu ilikuwa kitu kikubwa sana.

Hapo ndo nikamwambia mzee wangu haya, nipeleke.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo wengi hawalipendi. Mume asiwe mwalimu wa mkewe baharini, na mke asiwe mwalimu wa mumewe. Nimefundisha watu maisha yangu yote, najua ninachosema. Siku yangu ya kwanza kwenye dau upepo ulivuma kidogo tu, mzee wangu akaanza kupiga kelele, "Vuta kamba! Vuta kamba!" Kamba ipi? Mle ndani kuna kamba tano! Nikavuta moja, kumbe siyo, tanga likapiga huku na huku kama shuka kwenye mti, yeye anafoka, mimi natetemeka, na kilichoniuma hakikuwa kelele, kilichoniuma ni kwamba alinifokea kama mtu asiye na akili, mimi, mwalimu. Tulipogusa mchanga nilishuka, nikavaa viatu, nikarudi nyumbani kwa miguu bila kumtazama. Sikupanda tena miezi miwili.

Aliyeokoa jahazi ni babu mmoja, nahodha wa zamani, siku hizi hukaa tu pale ufukweni anashona nyavu za watu. Aliniita, "Mwanangu, njoo, mwache huyo akae." Akanikalisha ndani ya dau likiwa nchi kavu, limelala kabisa, na kwa siku nne hatukugusa maji. Alinifundisha majina. Hii omo, mbele ya chombo, ile tezi, nyuma yake. Mlingoti. Foromali ile inayobeba tanga. Hii kamba ya kuzuia tanga lisikimbie na upepo ni demani, ukiishika usiifunge, ikae mkononi, upepo ukizidi unaiachia. Huku upepo unakotoka ni joshini, kule unakokwenda ni demanini. Akinionyesha kidole nataja jina, nikikosea tunaanza upya, na mimi moyoni nikasema huyu ndiye mwalimu. Alafu akanipeleka majini yeye, mzee wangu amebaki ufukweni, ndio masharti yake. Nilipofuzu ndo akaturudisha wawili.

Na tanga letu hili la pembetatu lina siri yake: linataka watu wawili. Mmoja usukani, mmoja demani. Wasiposikizana chombo hakiendi, kitazungukazunguka pale pale au kitalala upande. Ukitaka kugeuka lazima umwambie mwenzio kabla, si baada. Kabla! Niulizeni kwenye nyumba zetu tunaambiana mangapi kabla. Mimi na mzee wangu tulianza kusemezana kwa amri za chombo, "legeza", "shika", "nageuka sasa", "haya geuka", na maneno hayo machache yakazaa mengine.

Lakini nisiwadanganye, yaliyozaa maneno mengi zaidi ni kazi ya nchi kavu. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi kali sana, sisi hatutoki ovyo, tunalipandisha dau na bamvua, yale maji makubwa, tukaliegemeza kwenye magogo. Hapo ndo kazi. Yeye anapiga kalafati, anasukumiza pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, tok tok tok, mimi natwanga deheni, chokaa na mafuta, mpaka ikawa laini kama ugali wa mtoto, tukalipaka dau chini kote lisiliwe na wadudu wa bahari. Juu tunapaka sifa, yale mafuta ya papa, harufu yake haitoki mikononi siku tatu, wajukuu wanakataa kunibusu. Saa nne tunakaa kivulini chini ya tumbo la dau na chai ya tangawizi na mahamri. Na hapo chini ya dau, wazee wangu, ndipo mzee wangu aliponiambia kwa mara ya kwanza kuhusu usiku mmoja bandarini, kamba ya chuma ilikatika na rafiki yake akaumia vibaya mbele ya macho yake. Ilikuwa 1998. Mimi nilikuwa namwona tu mwaka ule amekuwa mkali, hataki kula, nikadhani amenichoka. Miaka yote hiyo! Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mtu huyu na sijui kilichomla. Yeye alikuwa amenipa mgongo anapiga kalafati, hakunitazama, pengine ndo maana aliweza kusema. Sikumjibu kitu. Niliendelea kutwanga.

Mnanielewa? Kuna mambo hayasemeki mkiwa mmetazamana mezani. Yanataka mikono iwe na kazi.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mwenzangu hataki bahari kabisa, akiona wimbi anatapika. Bas mwache! Kushiriki si lazima mkae chombo kimoja. Namjua mama mmoja hajawahi kukanyaga ngalawa ya mumewe, lakini tanga alilishona yeye, marudufu mazito, na kila mumewe akitoka yeye ndiye mtu wa nchi kavu, anaandika ametoka saa ngapi, anaelekea wapi, atarudi saa ngapi, na ikipita nusu saa anapiga simu. Huyo ni baharia kamili machoni pangu. Kumburuta mtu ambaye hataki, hapo nakataa, tena nakataa kabisa.

Na ukiingia, ingia na chako. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mzee wangu nyota yake ni upepo, anaunusa, anajua kaskazi itatulia au itazidi. Mimi upepo sikuwahi kuujua kama yeye, nikiuangalia nabahatisha. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, nikayachukua maji. Kupwa na kujaa ni hesabu tupu! Maji hujaa mara mbili hupwa mara mbili, kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, hapa kwetu maji hujaa kama saa 10 na hupwa kama saa 4, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Na hayaondoki sawasawa, saa ya kwanza yanaondoka taratibu kama hayataki, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, karibu nusu ya maji yote huondoka kwenye saa mbili hizo. Nina daftari langu, liko juu ya friji. Mzee wangu hatoki bila kuniuliza, na hesabu hizo si za mapambo.

Niwaambie kwa nini.

Mwaka jana Januari, siku ya bamvua, tulitoka saa 8 mchana maji yakipanda, tukapanda nayo mpaka juu huko ndani upande wa Mikindani, tukaingia kwenye kijito katikati ya mikoko, tukashusha tanga, tukatia nanga, tunavua. Pazuri sana pale, kimya, unasikia kaa wanatembea kwenye tope. Saa 10 na nusu namwambia tuanze kufunga, maji yameshageuka. Hanijibu. Namwambia tena, ananijibu maneno hayaeleweki, anaongea habari ya kreni. Nikamgeukia. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, macho yananitazama hayanioni.

Mzee wangu ana sukari. Alimeza dawa mchana na chakula hakugusa kwa haraka ya kutoka. Mimi nikajua imeshuka. Bado alikuwa anaweza kumeza, alhamdulillahi, nikamnywesha sharubati ya ukwaju, kikombe kizima, kidogo kidogo, nikamlaza kichwa juu ya jaketi la kuokolea. Alafu nikatazama maji. Kwenye mizizi ya mikoko alama ya unyevu ilikuwa tayari imeacha maji kwa kiganja kizima. Nikapiga hesabu: kwa saa moja bado tunatoka. Baada ya hapo kijito chote ni tope, chombo kitakaa, magharibi itaingia, mpaka maji yarudi ni usiku wa manane. Simu haina mtandao kule ndani. Hakuna mtu. Ni mimi.

Kutweka tanga ni kazi ya yeye, ana mabega. Lakini babu alikuwa amenifundisha, vuta, funga, pumua, vuta tena. Nilivuta mara saba. Nikang'oa nanga, nikalisukuma dau kwa upondo, ule mti mrefu, mpaka tukatoka kijitoni, na kaskazi ikatupokea ubavuni, mungu alivyo mwema, upepo wa ubavuni ndo mwepesi kuliko wote kwenye dau. Usukani kwapani, demani mkono wa kulia. Maji yanapwa yananibeba kuelekea nyumbani. Mzee akaanza kurudi taratibu, nikampa mahamri mawili akala, akauliza tuko wapi. Nikamwambia tunakwenda nyumbani, lala. Akanitazama kutoka kule chini, hakusema vuta wala legeza. Hakusema kitu. Alinitazama njia nzima.

Tulifika jua linazama. Watoto wa ufukweni wakatusaidia, tukachukua tuktuk mpaka kliniki, usiku akarudi nyumbani mzima.

Kama ningekuwa nimepanda dau lile kama abiria, kumfurahisha mume, nikae nishike kapu la chakula na kupiga picha, leo ningekuwa nawahadithia nini? Ningekuwa hapa? Angekuwa pale dirishani? Wazee wangu, mkimpenda mwenzio mpe usukani. Mpe siku bahari imelala, mpe akosee, mpe azoee, usingoje siku utakapoanguka. Na kina mama, ukipewa ushike, usiseme ah hiyo kazi ya baba. Ushike!

Tangu siku ile tuna utaratibu, hakuna aliyeutunga, ulikuja wenyewe. Yeye huenda, mimi hurudi. Kutoka usukani ni wake, mimi demani. Tukigeuza tunabadilishana nafasi, anapita huku mimi napita kule, tunashikana mabega chombo kisiyumbe. Majaketi mawili tunavaa tangu nchi kavu, filimbi, ndoo ya kukumba maji, makafi mawili, simu ndani ya plastiki, na tende, siku hizi hatutoki bila tende. Na jirani yetu ana namba na saa ya kurudi.

Kuna mama kule mbele ameniuliza kabla sijapanda hapa, ati naye mumewe ana mtumbwi, aanzie wapi. Aanzie kwenye kuelea, mama. Jumamosi alfajiri, yule binti nitakupa namba yake, wiki ijayo ni maji mafu.

Mnisamehe nikiishia hapo. Leo ni bamvua, maji yanajaa saa 10, na naona mzee wangu kule dirishani ameshatoka nje kutazama miti.